Vitambaa vya Kona Iliyokatwa

Dobi alinyoosha nguo na alinyoosha watu, na katika kazi hizo mbili hakuwa na huruma. Jina lake sitalitaja. Nililitaja mara moja mahali nisipopaswa kulitaja, na hasira yote iliyo katika maneno haya inaanzia hapo. Sisi watoto wa ploti, ua mmoja wa vyumba vya kupanga, tulimwita Dobi akiwa hayupo. Akiwepo tulimwita Mama, tena tukiwa tumesimama wima.

Kwa miaka mingi alifua na kupiga pasi vitambaa vya mkahawa wa Kiitaliano ulio ndani ya hoteli moja kubwa mjini, hoteli ya wenye nazo. Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa, kando ya jenereta, na mkahawa ulikuwa juu. Hakuwahi kupanda huko. Wafanyakazi wa chini walikuwa na mlango wao, lifti yao na kantini yao ya maharagwe. Vitambaa ndivyo vilivyoshuka kila asubuhi, vimejazwa kwenye mifuko ya turubai, na kwa vitambaa hivyo aliujua mkahawa ule kuliko watu waliokaa ndani yake.

Jumapili baada ya kanisa alikaa mlangoni kwake pale mtaa wa Mbotela, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto, akatusimulia.

"Ijumaa kulikuwa na posa," angesema. "Meza nzima imemwagikiwa divai, na hakuna mtu amejaribu kupangusa. Watu wakiwa na furaha hawapangusi kitu."

Alijua palipokaa mtu aliyelia, kwa sababu wanja ulibaki kwenye kitambaa. Alimjua mzee fulani aliyekuja peke yake kila Alhamisi, mkono wake ukitetemeka, matone ya mchuzi wa nyanya yakianguka upande wa kushoto tu. Alhamisi moja matone hayakushuka. Wiki iliyofuata hayakushuka pia. Dobi alinyamaza Jumapili hiyo yote, na mama yangu akampelekea uji kama mtu aliyefiwa.

Kuna mwezi mmoja alikuwa akirudi kutoka kazini amevimba kwa hasira. Vitambaa vilikuwa vikija na wino. Madoa meusi ya kupangusa mdomo, lakini ni wino, na alijua wino akiuona. Alikuwa na hakika kwamba makarani wa hoteli wanapangusia kalamu kwenye vitambaa vyake. Akaenda kumkabili msimamizi wake, mzee mmoja mpole, na yule mzee akamwambia kwamba huko juu wanapika tambi kwa wino wa ngisi, samaki fulani wa baharini, na wageni wanaipenda sana.

"Matajiri wanakula wino?" alituuliza jioni, akizunguka mlango kwa mlango. "Wee! Ananiona mimi ni mjinga?"

Wiki nzima alibishana na ploti. Siku alipokubali, alikubali kwa shingo upande. "Kumbe walimaliza shule yote," akasema, "ikabaki tu kula kalamu."

Nampenda ninapoikumbuka siku hiyo. Halafu nakumbuka mengine, na hasira inanirudia.

Chakula cha pale alikidharau. Risoto, kwake, ilikuwa mchele uliokataa kuiva. Hata hivyo alitufundisha kula kama wanavyokula kule. Alikuwa mwalimu wetu wa sande skuli, na siku za sherehe alitupanga kwenye benchi, kila mtoto na kitambaa chake mapajani, tukala chapati na maharagwe kama mabalozi. Hakuwahi kumwona mtu akila pale mkahawani, lakini alijua makosa yote ya kula, kwa kuwa makosa ndiyo yaliyomfikia. "Usivute tambi na mdomo, itapiga shati." Tambi zenyewe hatukuwa nazo. Tulifundishwa tu, tukae tayari.

Wema wake ulikuwa wa kugombana. Mtu akienda kutafuta kazi, Dobi alimpigia pasi shati, hata kama ni saa kumi na moja ya alfajiri na yeye mwenyewe amechelewa. Ukimshukuru alikasirika. "Asante ya nini? Ulinikuta nimelala?" Ukimletea nguo yenye doa ukaanza kueleza doa limetoka wapi, alikukatiza: "Usiniletee hadithi, niletee chumvi." Blauzi niliyovaa siku niliyoandikwa kazi katika kampuni ya kutengeneza makatoni kule Industrial Area aliipiga pasi yeye. Aliniambia nikiiharibu kola kwa jasho nisirudi ploti.

Ugomvi wake mkubwa ulikuwa wa kamba. Ploti ilikuwa na kamba nne za kuanika nguo, na kwa maoni yake tatu kati ya hizo zilikuwa zake. Jirani aliyemkatalia alikuwa Mama Mboga, aliyeuza mboga kwenye kibanda mbele ya geti na ambaye alioshea sukuma wiki zake chini ya kamba hizo hizo. Maji ya mboga yakiruka kwenye shuka, vita vinaanza. Walikuwa na ndimi kali wote wawili, na sisi tulitoa vigoda nje kusikiliza. Siku moja Mama Mboga, akiwa amechoka kutukanwa, alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Na hizo vitambaa zako, iko siku nitazirudisha kwenye zilitoka!" Tulicheka, na Dobi pia alicheka. Kesho yake alinunua mboga kwake kama kawaida.

Vitambaa vyenyewe nivieleze, kwa sababu ndivyo vilivyoleta balaa. Dobi aliviita vitambaa vya mdomo. Vilikuwa vyeupe, vya pamba nzito, na katikati vilikuwa vimefumwa majani matatu ya mzabibu kwa uzi mweupe huo huo, kiasi kwamba huoni kitu mpaka ukiinue kitambaa kwenye mwanga. Kitambaa kikitoboka, au doa likikataa kutoka kabisa, yule msimamizi mzee alichukua makasi akakikata kona moja. Kona ikishakatwa, kitambaa kimekufa, na aliyetaka kukichukua alichukua. Ilikuwa desturi ya chumba kile tangu kabla Dobi hajaingia. Haikuandikwa popote. Nani angeandika jambo la matambara?

Basi ploti yetu ilijaa majani ya mzabibu. Tulifunikia chapati. Watoto walifungwa shingoni wakati wa uji. Sufuria ya moto ilishikwa kwa hivyo. Meza ya sande skuli ilitandikwa viwili vilivyoshonwa pamoja. Nimekua nikipangusa mdomo kwa kitambaa cha hoteli ya kifahari, nikiwa sina viatu.

Sasa nifike penye aibu.

Mwaka wangu wa tatu kazini, wakubwa kutoka makao makuu walikuja kututembelea, wakatualika watu sita kwenye chakula cha mchana. Nilipoambiwa ni wapi, nilicheka peke yangu chooni. Niliingia kwa mlango wa mbele. Zulia lilimeza viatu. Mhudumu alinivutia kiti, akanitandazia kitambaa mapajani kabla sijakaa vizuri, na nikafanya lile ambalo mtu mwingine yeyote pale mezani asingelifanya. Nilikiinua kitambaa dirishani, kwenye jua.

Majani matatu. Machozi yalinilengalenga kwa furaha. Niliagiza tambi nyeusi kwa ajili yake yeye, nikala polepole, meno yakageuka makaa, wote wakacheka, na mimi nikazidi kujisikia. Mtu akikulia Mbotela akajikuta pale, mdomo humwasha. Meneja wa mkahawa, mwanamume mwenye suti ya kijivu, alipopita akiuliza kama tunafurahia, nilimwonyesha kitambaa.

"Hiki nakijua tangu utotoni," nikamwambia. "Kwetu tunafunikia chapati. Ploti nzima."

Alitabasamu. "Kweli? Na mlivipata wapi?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angefunga mdomo. Mimi niliufungua zaidi. Nikamwambia kuhusu yule mama aliye chini ya miguu yao, kwamba hawana mfanyakazi kama yeye, kwamba anajua mgeni gani amelia na gani amefurahi, kwamba siku moja wamlete juu aone watu. Aliniuliza jina. Nilimpa majina yake yote mawili, na nikamwambia ampelekee salamu zangu.

"Nitazifikisha," alisema.

Alizifikisha. Jumamosi hiyo mchana nilikuwa nimekuja kumwona mama, nimesimama mlangoni na kikombe cha chai, pikapu ya hoteli ikaingia ploti. Dobi alikuwa ameketishwa nyuma, katikati ya walinzi wawili, bado na aproni ya kazi. Aliteremka mwenyewe. Hakungoja kushikwa mkono.

"Toeni," akatuambia. "Vitambaa vyangu vyote, toeni."

Majirani wakavitoa. Vilitoka juu ya chapati, vilitoka shingoni mwa mtoto wa nyumba ya tano aliyeanza kulia, vilitoka kanisani pia, maana alimtuma mtu akatandue meza. Alichukua kimoja akamwonyesha mlinzi.

"Angalia kona. Kona imekatwa. Hii ilikufa ndio nikapewa."

"Makasi kila mtu anayo, mathe," mlinzi akasema. Hakusema kwa ubaya, na hiyo ndiyo inayoniudhi hadi leo. Alisema tu, kama mtu anayetaja bei ya mkate.

Yule msimamizi mzee alikuwa ameshastaafu akarudi kwao magharibi, na huko alishazikwa. Aliyechukua nafasi yake aliapa kwamba hajui mambo ya kona. Kule hotelini wakamwekea Dobi karatasi ya kukiri kwamba ameiba, asaini, aende zake bila polisi. Alitia jina lake na chini yake akaandika: sikuiba. Waliichana, wakampa nyingine. Akaandika vilevile. Wakamfukuza hivyo hivyo. Watu waliopangusia midomo pamba hiyo kisha wakaitupa sakafuni walimfukuza mwanamke kwa ajili ya vipande vyake vilivyotoboka! Nimejaribu kulisema jambo hili kwa utulivu mara nyingi. Siwezi, na sitaki tena kujaribu.

Jumapili iliyofuata hakwenda sande skuli. Mchungaji alikuja kumbembeleza mlangoni.

"Mtoto akiniuliza kama niliiba, nitamjibu nini?" Dobi akamwambia. "Nitamwonyesha kona?"

Lakini naruka. Kabla ya hapo, siku ile ile ya pikapu, gari lilipoondoka Dobi alisimama katikati ya ploti akatutazama mmoja mmoja.

"Nani alienda kusema?"

Macho yake yalinipita mimi. Yalinipita bila hata kupunguza mwendo, kwa kuwa mimi ni mtoto wake, mimi ni blauzi yake. Yakasimama kwa Mama Mboga. Na kila mtu akakumbuka yale maneno ya siku ya kamba.

"Mboga hazikutoshi," Dobi akasema, "sasa unauza na watu."

"Mama! Mimi?" Mama Mboga alikuwa ameshika fungu la dania. "Hiyo hoteli hata mlango sijui iko side gani! Nitakuuza na nini?"

"Ulisema utazirudisha. Si umezirudisha? Muuza watu wewe. Usiniite mama tena."

Alisema mengine ambayo siyaandiki. Ploti nzima ilisikia, na watoto waliyashika wakaenda nayo shuleni. Mama Mboga alilia mbele yetu, kisha akaacha kulia, akaingia ndani. Mimi nilikuwa na kikombe changu mkononi. Chai ilipoa nikiwa nimekishika.

Ningeweza kusema. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema. Nilijiambia kesho, nikajiambia nikipata nafasi tukiwa wawili, nikajiambia atakasirika apandwe na presha. Uongo mtupu. Niliogopa macho yake, basi. Wiki moja, mbili, watu wakaacha kununua kwenye kile kibanda. Hata mimi nilipoenda kwa mama nilinunua sukuma kwingine, ili nisionekane nasimama pale. Muda si mrefu Mama Mboga alifungasha vitu vyake kwenye mkokoteni akahamia mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben na watoto wake watatu. Hakuna aliyemsindikiza hata hadi barabarani.

Nikaendelea na maisha. Nilikasirikia hoteli kwa sauti kubwa popote nilipokaa, ofisini, harusini, kwenye mazishi. Hasira hiyo ilikuwa ya kweli, na pia ilinifaa, kwa sababu mtu anayepiga kelele hivyo haulizwi kitu. Nilimkasirikia Dobi pia, naungama. Kwa nini hakuwapeleka kortini? Kwa nini alijitoa sande skuli bila kufukuzwa na mtu? Kiburi chake kilinichosha. Na chini ya hayo yote nilijichukia.

Ilipita miaka minne. Nilipandishwa cheo, nikahamia nyumba ya vyumba viwili Donholm, ghorofa ya tatu. Nikamwambia keateka, mtunzaji wa jengo, anitafutie mama fua, mmoja wa wale akina mama wanaopita nyumba kwa nyumba wakifulia watu nguo. Jumamosi asubuhi mlango ukabishwa. Nilifungua, na Dobi alikuwa amesimama pale na brashi yake mwenyewe ndani ya mfuko wa plastiki.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Unakaa vizuri. Nguo ziko wapi?"

"Mama, wewe hutanifulia mimi."

"Mbona? Zina ugonjwa?"

Alinipita, akaenda kwenye roshani, akajaza beseni. Vidole vyake vilikuwa vimevimba viungoni. Nilimletea chai, akakataa, akasema chai ni baada ya kazi. Nilisimama nyuma yake nikimtazama akisugua kola zangu. Ndipo maneno yaliponitoka, bila utangulizi.

"Mama, aliyeenda kusema hakuwa Mama Mboga. Ni mimi."

Aliendelea kusugua. "Ulisema nini?"

Nikamweleza yote. Dirisha, jua, kitambaa, suti ya kijivu, majina mawili.

"Ulikuwa unanisifu," akasema.

"Ndiyo."

"Mbele ya wakubwa wako?"

"Mbele yao wote."

Karibu acheke. Niliuona mdomo wake ukijaribu, na kwa muda mfupi nilidhani nimepona. Kisha mikono yake ikasimama ndani ya maji.

"Na siku ile nikimwambia Mama Mboga yale maneno, wewe ulikuwa wapi?"

"Mlangoni kwa mama."

"Ulinisikia?"

"Nilisikia."

"Yote?"

"Yote, Mama."

Aliinuka.

"Hoteli ilisema mimi ni mwizi na sikuwa," akasema. "Nikakaa na hiyo. Nikalala nayo, nikaamka nayo, kwa sababu najua ni uongo. Sasa wewe umenifanya mwizi kweli. Jina la yule mama nilichukua mimi, na huu mdomo wangu, mbele ya watu. Miaka nne naomba Mungu nikiwa nimelishika!"

"Mama, nisamehe."

"Usinigusie msamaha. Vaa viatu."

Nguo zilibaki ndani ya maji. Alishuka ngazi mbele yangu, mikono ikiwa bado na povu, tukashika njia ya Reuben. Pale Reuben aliuliza watu wawili tu, wakamwelekeza. Kibanda kilikuwa kidogo kuliko cha zamani, mbao nne na gunia, karibu na njia wanayopita vibarua wa viwandani. Mama Mboga alikuwa amekaa akikatakata sukuma, na mwanamke mmoja alikuwa akisubiri na mfuko wake wazi. Wengine walikuwa kwenye bomba la maji kando, na mitungi.

Alipotuona kisu kilisimama.

"Nilikutukana kwa sauti," Dobi akasema, na sauti ilikuwa ile ile, watu wa bombani waligeuka, "kwa hivyo nitasema kwa sauti. Nilisema unauza watu. Nilisema mbele ya ploti nzima, mbele ya watoto wako. Haikuwa wewe. Nilikutukana bure."

Kisha akasogea kando, nikabaki mbele peke yangu.

"Ni mimi," nikasema.

"Hawajasikia," Dobi akasema.

"Ni mimi niliyesema kule hotelini. Si yeye. Nilijua, nikanyamaza."

Mama Mboga alimtazama Dobi kwa muda mrefu. Mimi alinitazama kidogo tu.

"Watoto wangu waliacha shule ile juu ya hayo maneno," akasema. "Huyu mkubwa hakurudi hata shule ingine."

Dobi alikuwa ameinamisha kichwa, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Nimesikia," Mama Mboga akasema. Akachukua kisu chake tena, akamgeukia yule mwanamke mwenye mfuko. "Ulisema sukuma ya ngapi?"

Yule mwanamke alikuwa akiniangalia mimi.